Unga Miguuni pa Sanamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama saa nne nzima nikiwa nimempa mgongo kijana wa marumaru aliyekuwa uchi wa mnyama. Alikuwa katikati ya ukumbi, mkubwa kuliko mtu wa kawaida, ameweka mkono kiunoni kana kwamba anangoja basi. Mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, nimejifunga mtandio, nina mume na binti, na kazi niliyopewa ni kumlinda huyo asiguswe. Mkubwa wetu wa zamu, Mkenya kama mimi lakini mtu wa bara, alipopita akaniona nimeukabili ukuta, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Dada, wewe unalinda ukuta?"

"Nalinda heshima yangu."

"Hiyo ni mawe tu. Utaizoea."

Nikaizoea kweli. Baada ya wiki mbili nilikuwa nikipita mbele ya yule kijana kama ninavyopita mbele ya jirani. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kwa miguu. Simama, tembea kidogo, simama tena. Mgeni akisogea karibu mno, mwambie kwa upole arudi hatua moja. Mtoto akikimbia, mtafute mamake. Usikae, usishike chochote, usiweke chochote mahali popote. Nilipewa koti jeusi, redio ya kiunoni na kumbi tatu za vitu vya Ulaya: viti vya Kifaransa vyenye miguu iliyopinda kama ya mbuzi, kabati za Kijerumani ndefu kupita mlango wa nyumba yangu, birika za fedha, saa za mezani zilizochovywa dhahabu, wachungaji wa kondoo wa kauri wasiozidi urefu wa kiganja, na sanamu za mawe, za shaba na za mbao.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika kiwanda kimoja hapa Marekani, huko Fridley karibu na tunakoishi, nikipanga vifaa vya hospitali ndani ya maboksi, mpaka kifundo cha mkono wa kulia kikagoma. Daktari akasema nitafute kazi isiyo ya kunyanyua. Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwamba jumba la makumbusho la mjini Minneapolis linatafuta walinzi wa kumbi. Nilikwenda bila matumaini makubwa. Kiingereza changu cha kazini kilikuwa cha maneno machache: boksi, haraka, ovataimu. Lakini waliponiuliza kama naweza kusimama muda mrefu na kutazama kwa makini, niliwajibu kwamba hakuna jambo nililofanya zaidi ya hilo maishani mwangu. Wakacheka, wakanichukua.

Sikuwa nawatania. Baba yangu ni fundi seremala. Karakana yake iko Mombasa, Mji wa Kale, na mpaka leo, ingawa macho yamepungua, hukaa mlangoni pake akiwasimamia kaka zangu wawili. Alitengeneza vitanda, masanduku ya maharusi na milango ya nakshi, na aliwafundisha kaka zangu yote hayo. Mimi nilipewa ufagio. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwomba anionyeshe kushika patasi. Hakunifokea. Alinitazama kwa huruma, kama vile nimemwomba anipeleke mwezini, akasema, "Mwanangu, mtoto wa kike hashiki patasi. Ukijikata kidole, nani atakuoa?" Basi nikafagia mpaka nilipofika miaka kumi na sita.

Anayefagia karakana miaka saba anajua vumbi. Niliweza kufumba macho nikataja mti uliokatwa siku hiyo. Unga wa mfenesi ni wa manjano kama bizari. Wa mkangazi ni mwekundu na una utamu fulani puani. Wa mvule hukupigisha chafya mpaka machozi. Na kulikuwa na unga wa namna nyingine usiotokana na msumeno wala randa, mlaini, mkavu, unaojikusanya chini ya kitu peke yake kama chumvi iliyomwagika. Huo ni wa bungua, mdudu anayetoboa mbao. Mteja alipoleta sanduku kuukuu litengenezwe, baba hakuanza na nakshi. Aliniita mimi. "Piga magoti, nitazamie chini." Nikiona unga mweupe mpya, sanduku haliingii ndani, linabaki uani. Nikiona unga uliofifia, uliochafuka, basi mdudu alishakufa zamani na sanduku linapokelewa. Hiyo ndiyo kazi pekee ya ufundi aliyonipa, na aliniamini nayo, lakini mimi nilikuwa nataka patasi.

Katika ukumbi wangu wa pili kulikuwa na sanamu ya mbao niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya mwanamke mtakatifu wa Kikristo, urefu wa mtoto wa miaka kumi na mbili, ameshika kitabu kilichofunguka. Rangi yake ilikwanguliwa karne zilizopita, imebaki mbao tupu ya hudhurungi. Mimi si wa dini yake, na kwetu sanamu hazipambi nyumba, lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu ninayemjua. Ulinikumbusha manesi wa Kikenya ninaokutana nao kwenye treni asubuhi wakirudi kutoka zamu: kope nzito, mdomo uliotulia, mtu aliyechoka ambaye bado ana subira. Aliyemchonga alifanya vidole vyake vyembamba mno, na ukurasa mmoja wa kitabu aliuinua kidogo, kama unapeperushwa na upepo. Kila nilipozunguka nilimaliza mzunguko wangu mbele yake.

Jumatatu jumba hufungwa. Jumanne moja mwezi wa tatu, barafu ikiwa imeanza kuyeyuka barabarani, niliingia ukumbini kabla ya wageni, nikaona kitu kwenye kitako cheusi alichosimamishwa yule mwanamke. Kilikuwa kirundo kidogo cha unga, kiasi cha chumvi unayoichota kwa vidole viwili. Niliinama bila kugusa. Kilikuwa cheupe, chenye rangi ya maziwa, na kilikuwa kimechongoka juu kama kichuguu.

Nikamwita mkubwa wa zamu kwa redio. Akaja, akatazama.

"Hiyo ni vumbi, dada."

"Si vumbi. Ni bungua."

"Bungua ni nini?"

"Mdudu. Anamla huyu mama."

Akakuna kichwa. Alikuwa mtu mwema, aliyesomea uhasibu kwao Kisii na kuja kuishia kulinda picha, na hofu yake kubwa ilikuwa kuandika ripoti itakayowafanya wakubwa wamwone mjinga. "Hawa watu wako na madaktari wa vitu," akaniambia. "Kama kungekuwa na mdudu, wangejua. Wachana nayo." Palepale mfanyakazi wa usafi akapita na kitambaa chake, akapangusa, na ushahidi wangu ukaenda.

Alhamisi unga ukarudi, kidogo kuliko mara ya kwanza. Wakati wa mapumziko ya asubuhi nilimpigia baba simu. Kwao ilikuwa jioni, ametoka kuswali magharibi. Nilimkuta mlangoni pa karakana, kaka yangu amemshikia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wala vizuri huko kwenye barafu?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Huo unga wa rangi gani?"

"Mweupe, una umaziwa."

"Ukiusugua vidoleni?"

"Siruhusiwi kugusa, baba."

"Hata unga?"

"Hata unga."

Akaguna. "Mashimo wayaona?"

"Yako mengi, ya zamani, meusi ndani. Lakini kuna moja karibu na pindo la nguo yake. Jembamba, na ndani yake jeupe."

"Huyo yu hai," akasema baba papo hapo. "Weka karatasi nyeusi chini, ungoje siku mbili. Macho ya mtu hubishiwa, karatasi haibishiwi."

Jioni ile nikachomoa karatasi nyeusi kwenye vifaa vya shule vya binti yangu. Aliniuliza kwa Kiingereza chake naipeleka wapi, nikamjibu kwa Kiswahili changu kwamba namtegea mdudu, akanitazama kama mtu aliyepoteza akili. Asubuhi ya Ijumaa nikaikata vipande viwili, nikakitelezesha kimoja miguuni pa sanamu, kikajificha vizuri kwenye weusi wa kitako. Kingine nikakiweka chini ya kabati kubwa la Kijerumani lililokuwa karibu, kwa sababu nalo nilikuwa nimeona unga chini ya mguu wake. Nilijua nimevunja amri. Siku nzima nilitembea na jasho mgongoni.

Jumapili asubuhi mkubwa wa zamu alikiona kile cha sanamu kabla yangu. Alikuja akiwa amekunja uso.

"Wewe ndiye umeweka hii?"

"Mimi."

"Dada, unataka tufutwe kazi sisi wawili? Nilikwambia nini?"

"Kaka, nitajiripoti mimi mwenyewe. Lakini kabla hujaitoa, inama utazame."

Hakutaka, lakini aliinama. Juu ya weusi wa karatasi, unga ulikuwa umeanguka mstari mwembamba, mweupe kama chaki, moja kwa moja chini ya lile tundu. Alikaa chini pale muda mrefu, mikono magotini. Alipoinuka sauti yake ilikuwa nyingine.

"Nyumbani tulikuwa tunaona hii kitu kwa ghala ya mahindi," akasema. "Asubuhi unakuta unga, na hakuna mtu amesaga." Akatoa simu akapiga picha, akaandika ripoti palepale, amesimama. Akaisoma kwa sauti ili nimsahihishe. Aliandika kwamba mlinzi aligundua, wala hakuandika kwamba yeye aligundua. Hilo sitalisahau.

Jumanne iliyofuata nikaitwa ofisini.

Nilimwambia mume wangu huenda nisiwe na kazi jioni. Akasema, "Ukifukuzwa kwa sababu ya kusema kweli, njoo tupike biriani." Maneno yake yalinisaidia kupanda ngazi. Ofisini nilimkuta mkuu wa usalama pamoja na mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi fupi, aproni yenye madoa ya gundi, na miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Huyo ndiye alikuwa mkarabati wa vitu vya mbao vya jumba zima. Mimi kichwani mwangu nilimwita fundi tangu siku ile, maana mikono yake ilikuwa na makovu yaleyale ya mikono ya baba.

Mkuu wa usalama akaanza kwa kunikumbusha amri. Nikainamisha kichwa, nikakubali kosa. Kisha fundi akasogeza kiti chake mbele, akaniuliza nilijuaje.

Kiingereza kikanikimbia chote. Nilifungua mdomo, nikatoa neno moja tu, baba. Nikaona kalamu mezani, nikaomba kwa ishara. Nikachora mashimo mawili, la zamani na jipya. La zamani nikalijaza wino ndani. Jipya nikaliacha jeupe, na chini yake nikachora kichuguu. Halafu nikasimama, nikafagia hewani kwa ufagio usiokuwepo, nikajielekezea kidole kifuani. "Miaka saba," nikasema, nikaonyesha vidole saba.

Yule mama akacheka, si kwa kunidharau, akaja upande wangu wa meza. "Nionyeshe," akasema.

Tukashuka ukumbini. Alilala chini kifudifudi, mtu wa umri wake, na tochi na kioo cha kukuzia, mkuu wa usalama akiwazuia wageni. Alipomaliza na sanamu aliitikia kwa kichwa mara mbili, akanishika bega. Nikapata nguvu nikamwonyesha na kabati. Hapo alikaa muda mrefu zaidi. Alichota ule unga kwa ncha ya brashi, akauweka kwenye kiganja chenye glavu, akanisogezea.

"Tazama vizuri," akasema.

Nikatazama. Ulikuwa umefifia, una ukijivu, umechanganyika na nyuzi za vumbi la kawaida. Unga wa mdudu aliyekufa pengine kabla babu yangu hajazaliwa. Mafundi wa ujenzi walikuwa wakitoboa sakafu ya chini mwezi ule, akanieleza, na mtikisiko ulikuwa ukiumwaga kutoka kwenye mashimo ya zamani. Niliona haya. Tofauti ile ndiyo niliyofundishwa nikiwa na miaka tisa, na kwa hamu yangu ya kuwa sahihi sikuinama chini kutazama mara ya pili. Nikamwambia nimekosea.

"Mimi nilipita mbele ya sanamu hii wiki mbili nzima," akajibu, "sikuona chochote. Kwa hiyo tumekosea wote wawili, na mdudu mmoja tumempata."

Ukumbi ulifungwa siku hiyo. Yule mwanamke wa mbao akavalishwa nailoni tabaka kwa tabaka, akafungwa hewa isiingie, akalazwa kwenye kitoroli kama mgonjwa, akapelekwa kwenye friza kubwa ya ghala. Hivyo ndivyo wanavyowaua bungua huku, hawatumii mafuta ya taa kama sisi. Nilipomweleza baba, alishangaa kupita kiasi. "Wamemtia barafuni?" Nikamwambia ndiyo, na ni baridi kuliko ya mwezi wa kwanza hapa Minnesota. "Basi maskini huyo mdudu," akasema, "kasafiri mbali kote huko kuja kufa baridi." Kaka zangu nikawasikia nyuma wakicheka. Mimi pia nilicheka mpaka nikalia, maana mwaka wangu wa kwanza hapa, nikingoja basi pale barabara ya Cedar na koti la kuazima, nilikuwa na hakika nitakufa kifo hichohicho.

Mkuu wa usalama hakunifuta kazi. Alinipa onyo la maandishi kwa kuweka karatasi, na siku hiyohiyo akanipa barua ya shukrani kwa kumgundua mdudu. Mume wangu alizibandika zote mbili kwenye friji. Kisha fundi akaomba niruhusiwe kutembea naye kila Jumatano asubuhi, kabla ya wageni, tukague kumbi zote za mbao. Sikuamini mpaka nilipoiona ratiba.

Jumatano hizo zilinifungua macho. Alivuta droo za makabati akanionyesha upande ambao haukupigwa rangi, ambako fundi wa zamani alikwaruza hesabu zake kwa msumari. Aligeuza viti juu chini. Kiti ambacho mbele ni dhahabu tupu, chini yake kuna mbao ya bei rahisi, iliyorandwa harakaharaka. Nami nilimweleza kwamba baba hufanya hivyohivyo, na kwamba husema mteja analipia anachokiona, ila fundi analala na asichokiona mteja. Alilipenda neno hilo, akaliandika.

Sanamu ilipotolewa barafuni na kuachwa siku kadhaa ipate joto polepole, fundi aliniita karakanani kwake. Alikuwa ameilaza juu ya mito. "Njoo utazame mgongo," akasema.

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeutazama uso tu. Mgongo haukuwepo. Ulikuwa umechimbwa wote, kuanzia mabegani mpaka kwenye pindo la nguo, kama mtumbwi. Akanieleza kwamba walichimba hivyo ili mti usipasuke unapokauka, na kwa kuwa sanamu iliegemezwa ukutani kanisani, hakuna aliyeona. Ndani ya shimo lile alama za tezo na patasi zilikuwa bado mbichi, kana kwamba mtu kaziacha jana na kutoka kwenda kula. Mbele, mkono wa mchongaji ulikuwa mkono wa malaika. Nyuma ulikuwa mkono wa mtu mwenye kazi nyingi. Niliomba ruhusa kupiga picha nimtumie baba. Fundi akakubali, hata akanishikia taa.

Baba alikaa na zile picha siku mbili. Siku ya tatu alinipigia yeye mwenyewe, jambo la nadra.

"Huyu bwana alikuwa na haraka," akaanza bila salamu. "Tazama hapo kushoto, kachimba kwa mapigo marefu. Alikuwa na kazi nyingine inamngoja. Lakini karibu na bega kageuza patasi, kaenda polepole. Wajua kwa nini?"

"Kuna fundo la mti."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeliona. Nyuzi za mti zimezunguka pale."

Nikasikia mapikipiki ya kichochoroni kwetu, na mtu akiuza kahawa.

"Huyo mama wa Kizungu," baba akasema mwishowe, "akufundisha?"

"Kidogokidogo, baba. Ananiuliza kama nataka kujifunza kazi. Siku mbili kwa wiki karakanani, siku tatu ukumbini."

"Nawe wamjibuje?"

"Nimemwambia nitafikiri."

"Wafikiri nini?" Sauti ilipanda, kisha ikashuka. "Mwambie aanze na kunoa. Asiyejua kunoa hajui kitu, hata ashike patasi ya dhahabu. Na ukijikata, funga kitambaa uendelee."

Hakusema zaidi ya hayo, nami sikumtaka aseme zaidi. Ninamjua baba yangu. Nilikaa ndani ya gari la mume wangu kwenye maegesho ya jumba, injini imezimwa, nikayarudia maneno yale peke yangu kwa sauti, kisha nikapanda juu kumjibu fundi.

Sasa ni mwaka wangu wa pili wa kujifunza. Kifundo cha mkono kinauma siku za baridi kali, na kuna siku nanoa mpaka bega linakufa ganzi na makali bado hayakati nywele. Sijaruhusiwa kukarabati kitu cha thamani, na huenda ipite miaka kabla sijaruhusiwa. Natengeneza vishikizo vya mbao vya kuzuia vitu visianguke, na kabari za kusawazisha makabati kwenye sakafu zisizolala sawa. Kabari yangu ya kwanza iko chini ya saa moja ndefu ya Kiingereza. Hakuna anayeiona. Saa imesimama wima.

Masika haya jumba lilikuwa na Jumapili ya wazi kwa familia, na fundi akaniuliza kama ningependa kuwaleta watu wangu. Nikapeleka habari kwa akina mama ninaoswali nao, wengi wao wanaishi katika maghorofa ya Cedar-Riverside. Nilitarajia watano. Walikuja kumi na tisa, na mabuibui yao na mitandio ya kila rangi, na mmoja akiwa na kiti cha magurudumu: bibi wa Lamu aliyepindukia miaka themanini, aliyeletwa na mkwewe. Walipomfikia yule kijana wa marumaru kulitokea mtafaruku na vicheko vilivyomleta mkubwa wa zamu mbio, na alipowaona akasalimia kwa Kiswahili chake cha bara, wakamwitikia wote kwa pamoja kama darasa.

Niliwatembeza kwa Kiswahili. Sikuwahi kuzisikia kumbi zile zikijibu kwa lugha yangu. Niliwaeleza juu ya mdudu, juu ya mgongo uliochimbwa, juu ya mbao ya bei rahisi chini ya dhahabu, nao waliuliza maswali ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza: nani alikuwa akipangusa hizi birika, na hawa wa kauri walikuwa wa watoto au wa watu wazima wasio na kazi?

Kwenye kabati la vyombo bibi akainua mkono tusimame. Alikuwa anatazama sahani moja ya Uholanzi, nyeupe, yenye maua mekundu na kijani ukingoni, iliyowekwa pembeni kwa kuwa haikuwa ya thamani kama jirani zake. Kibao cha maelezo kilisema ilitengenezwa kiwandani kwa ajili ya soko la ng'ambo.

"Wamesema nini hapo?" akauliza.

Nikamsomea.

"Ng'ambo wapi?"

"Hawakuandika, bibi."

"Ng'ambo ni kwetu," akasema. "Nyanyangu alikuwa nazo sita. Zilikaa kwenye zidaka, zile rafu za ukutani chumba cha ndani, na siku ya harusi ndizo zilizotiwa halua. Moja niliivunja mimi, nikapigwa."

Fundi alikuwa amesimama nyuma yetu, bila kuelewa, lakini ameona jinsi akina mama walivyomsogelea bibi. Akaniuliza bibi amesema nini. Nikamfasiria. Akatoa daftari lake kwenye aproni, akapiga magoti kando ya kiti cha magurudumu, akaniomba nimuulize bibi aanze upya, polepole, asiache kitu. Bibi akajiweka sawa, akavuta mtandio, akaanza na rangi ya ukuta wa chumba kile cha ndani.